Ziba Ekzosi Kwanza, Ndipo Ufunge Waidibendi

Barabara ya kupanda Kamachumu kutoka Muhutwe haimfichii mtu hali ya injini yake. Gari lenye abiria wa kujaa na mikungu ya ndizi kwenye keria likianza kukohoa pale, kesho yake dereva yuko gereji mjini Bukoba. "Fundi, hii gari inakunywa mafuta, halafu mlimani haina nguvu." "Acha funguo, mzee, tuanze na plagi." Plagi zinabadilishwa. Wiki inayofuata ni zamu ya nozeli, halafu pampu, halafu sensa ya oksijeni ya mtumba iliyochomolewa kwenye gari lililokatwa. Malalamiko yanabaki yale yale, na mwenye gari ameshatoa fedha ambayo ingetosha kupata kifaa cha kumwambia tatizo liko wapi.

Kifaa chenyewe ni sensa ya oksijeni ya wigo mpana, ile ambayo mafundi wa Subaru na wa magari ya mashindano huiita waidibendi. Wengi wanaijua kama pambo la dashibodi, saa ya duara yenye namba zinazorukaruka. Mimi naihesabu kwanza kuwa kifaa cha kupimia ugonjwa, na suala la kuongeza pawa linakuja baadaye sana. Kwa magari yaliyojaa Bukoba na Muleba, yaani IST, Probox, Noah, Premio na Forester zilizoshuka kutoka Japani zikiwa na miaka yake, kazi ya kwanza ikifanywa vizuri huenda ya pili isihitajike kabisa.

Sensa ya oksijeni ya kawaida, ambayo Bosch walianza kuitengeneza mwaka 1976 kwa magari ya Volvo, inajua majibu mawili tu. Ikitoa umeme wa karibu volti 0.9 inasema mafuta yamezidi. Ikitoa volti 0.1 inasema yamepungua. Yamezidi kwa kiasi gani, haisemi. Waidibendi, iliyoingia kwenye magari mwanzoni mwa miaka ya 1990, inajibu hilo swali la pili. Ndani ina kauri mbili: moja inapima usawa wa oksijeni, nyingine ni pampu inayoingiza au kutoa oksijeni mpaka usawa urudi. Umeme unaotumika kusukuma ndio kipimo. Kauri hizo zikiwa baridi hazifanyi kazi, kwa hiyo sensa ina hita yake, na kwenye Bosch LSU 4.9, ambayo ndiyo inayotumika zaidi siku hizi, joto hupelekwa hadi takribani nyuzi 780 za Selsiasi. Ishike namba hiyo. Sensa nyingi zinazokufa mapema zinakufa kwa sababu mtu aliisahau.

Jibu linatolewa kwa lamda. Lamda 1 maana yake hewa na petroli vimetoshana, yaani takribani kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Namba ikiwa chini ya 1, mafuta yamezidi. Ikiwa juu ya 1, hewa imezidi. Geji nyingi huandika 14.7 mahali pa 1, na hakuna ubaya, lakini jizoeze lamda kwa sababu ndiyo inayotumika kwenye programu za kuchuni.

Lililo muhimu kuliko yote ni kwamba sensa hii haipimi petroli. Inapima oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Bomba likitoboka mahali kabla ya sensa, hewa ya nje hufyonzwa ndani kati ya pigo moja la moshi na jingine, sensa inaiona oksijeni hiyo, geji inaandika mafuta yamepungua, na fundi anaongeza mafuta kwenye injini ambayo haikukosa mafuta. Plagi au koili moja ikifa ni hivyo hivyo: silinda ile inatema petroli mbichi pamoja na oksijeni yake yote, na geji inalalamikia upungufu wa mafuta huku nyuma ya gari kunanuka petroli. Ukikutana na hali hiyo, pua yako ndiyo ya kuamini.

Kwa hiyo kazi inaanzia chini ya gari. Bukoba hupata takribani milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na maji pamoja na tope la barabara za vijijini hula bomba kabla mwenye gari hajashtuka. Injini ikiwa bado baridi, iwashe, mwenzako akunje kitambaa kinene kilicholowa na kuziba mdomo wa bomba kwa sekunde chache. Wewe sikiliza kuanzia kwenye manifoldi kurudi nyuma. Panapovuja patapiga mluzi au kutoa mlio wa kukatakata. Palipo na shaka, paka povu la sabuni uone kama linatoa mapovu. Tazama pia ukingo wa gasketi ya manifoldi: mstari wa masizi meusi unaotoka nje kama ulimi ni ushahidi tosha. Badili gasketi, au chomelea. Usizibe kwa gundi ya silikoni ile ya kwenye tyubu, maana mvuke wake hutia sumu kwenye kauri na sensa mpya itaanza kusema uongo ndani ya muda mfupi.

Kama bomba limekatwa fupi ili gari lipige kelele, ujue pia kwamba injini ikiunguruma taratibu hewa hurudi ndani kutoka nyuma. Namba za wakati huo usizitegemee.

Kuhusu kununua sina maneno mengi. Seti ya geji, kontrola na sensa ya kampuni zinazojulikana kama AEM au Innovate iko kwenye takribani dola 200 za Marekani kabla ya usafiri na ushuru. Sensa za bandia ni nyingi. Usikate waya wala kubadilisha soketi ya sensa ya Bosch: ndani ya soketi kuna rezista iliyopimwa kiwandani kwa ajili ya sensa hiyo moja, na ukiikata umetupa kipimo chake. Wala usichomoe sensa ya hewa na mafuta ya Toyota ukaitia kwenye kontrola iliyotengenezwa kwa ajili ya Bosch. Zinafanana kwa macho tu.

Mahali pa kuifunga ni baada ya matundu yote ya ekzosi kukutana kuwa bomba moja, na kabla ya masega, yaani kile chombo cha kusafisha moshi, kwa kuwa hubadilisha gesi yenyewe. Kwenye injini yenye tabo, weka baada ya tabo, si kabla, kwa sababu kabla ya tabo shinikizo na joto ni kubwa mno. Ikiwezekana sogea kama sentimita 60 au zaidi kutoka kwenye kichwa cha injini. Kinachochomelewa ni nati yenye nyuzi za M18 kwa 1.5, nayo ikae upande wa juu wa bomba, mahali ambapo mshale wa saa ungekuwa kati ya saa nne na saa nane. Kwa vyovyote sensa iiname angalau nyuzi 10 kutoka kwenye mlalo, ncha yake ikitazama chini. Sababu ni maji. Asubuhi ya baridi ya Kagera bomba hujaa matone ya mvuke uliopoa. Tone moja likirukia kauri yenye nyuzi 780, kauri inapasuka papo hapo na wewe husikii chochote. Wakati wa kuchomelea, chomoa waya hasi wa betri na usiwe umefunga sensa kwenye nati. Kuna mafundi hufunga sensa ili "nati isipinde" wakati wa kuchomelea. Tumia boliti ya zamani kwa kazi hiyo.

Kutokana na joto lile la nyuzi 780 kuna sheria mbili zinazoonekana kugombana, na zote mbili ni za kweli. Usiipashe sensa moto muda mrefu kabla ya injini kuwaka, maana maji bado yamo. Na usiiache ndani ya bomba bila umeme huku injini inafanya kazi, maana masizi yataiziba. Ukitoa geji kwenda kuitumia kwenye gari jingine, toa na sensa, kisha ziba nati kwa kizibo chake.

Umeme wake chukua kwenye laini inayowaka funguo ikiwashwa, kupitia rilei na fyuzi, kwani hita hula umeme mwingi mwanzoni. Kinachokosewa mara nyingi zaidi ni athi. Chukua mfano wa geji ya AEM inayopeleka volti 0 hadi 5 kwenye kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini: kila volti 1 ni sawa na namba 2.375 za uwiano wa hewa na mafuta. Athi ikiwa mbovu na ikaleta tofauti ya volti 0.1 tu, kontrol boksi itasoma karibu 0.24 pembeni ya ukweli. Geji inakuonyesha 12.5, kompyuta inaandika 12.7, na wewe unachuni kwa kufuata uongo. Funga athi ya geji mahali pamoja na athi ya kontrol boksi, halafu linganisha namba hizo mbili kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Sasa mwinuko. Maji ya Ziwa Victoria yako mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Muleba viko juu zaidi ya hapo. Shinikizo la hewa ufukweni Bukoba ni kama kilopaskali 88, wakati Dar es Salaam ni 101. Injini isiyo na tabo inapoteza karibu moja ya nane ya nguvu zake kabla hujapanda kilima chochote, na hakuna fundi wa kuirudisha kwa kuchezea mafuta. Mteja aambiwe hivyo mapema. Gari la kabureta lililopangwa pwani likifika huku hutoa mafuta yaliyozidi kwa takribani asilimia 6 hadi 7, kwa hiyo kupunguza jeti ni haki yake. Magari ya nozeli yana sensa za kufidia tofauti hiyo yenyewe. Kama geji yako inahitaji kupimwa kwenye hewa ya wazi, ipime hapa hapa unapofanyia kazi, mbali na moshi, maana sensa huathiriwa na shinikizo. Ila kwenye lamda 1 pampu ya ndani haisukumi kitu, umeme wake ni sifuri, hivyo mwinuko hauipotoshi. Namba iliyo karibu na 1 ndiyo ya kuamini kuliko zote.

Baada ya hapo funga safari, watu wawili: mmoja anaendesha na macho yake yako barabarani, mwingine anasoma na kurekodi. Injini ipate moto kamili. Kwa mwendo wa utulivu, sehemu tambarare za barabara ya Mutukula upande wa Kyaka zinafaa. Kwa mzigo, panda kutoka mjini kwenda Rwamishenye au nenda Kamachumu. Chomeka na skana, uweke mbele yako masahihisho ya mafuta, zile herufi STFT (ya muda mfupi) na LTFT (ya muda mrefu). Waidibendi bila masahihisho hayo inaweza kukupotosha, kwa sababu kontrol boksi inajitahidi kuleta lamda 1 hata kama kuna tatizo. Geji ikisema 1.00 huku LTFT iko kwenye asilimia +15, injini haijapona. Inafichwa ugonjwa wake.

Hapa ndipo kifaa kinapolipa fedha yake. Masahihisho yakiwa makubwa upande wa kuongeza wakati gari limesimama linaunguruma, kisha yakapungua ukikanyaga mafuta, tafuta hewa inayoingia kwa siri: mpira uliopasuka, gasketi ya intake. Tundu lile lile linaingiza hewa kidogo, ambayo ni nyingi kwa injini inayounguruma taratibu na si kitu kwa injini inayovuta kwa nguvu. Kinyume chake, gari likiwa sawa tambarare, halafu mlimani lamda ikaanza 0.88 na kupanda kuelekea 0.98 kadiri mizunguko inavyoongezeka, mafuta hayafiki ya kutosha. Anza na chujio, kisha pima shinikizo la pampu, kisha safisha sensa ya kupimia hewa. Hicho ndicho kisa cha gari nyingi zinazokohoa Kamachumu, na plagi mpya hazikuhusika.

Mafuta yakizidi kila mahali, angalia nozeli inayovuja na regulata ya shinikizo. Lakini kabla ya hapo uliza swali moja: thamostati iko wapi? Desturi ya kutoa thamostati "ili gari lisichemshe" imeenea nchi nzima, na kwenye hali ya hewa ya Bukoba madhara yake ni makubwa kuliko Dar es Salaam. Injini inabaki chini ya joto lake, kontrol boksi inadhani bado ni asubuhi, inaendelea kuongeza mafuta. Mwenye gari anaambiwa nozeli zimechoka. Rudisha thamostati, tengeneza rejeta, upime tena.

Ukiachia mafuta kwenye mteremko na geji ikaruka hadi mwisho wa upande wa hewa, usishtuke. Kontrol boksi imekata mafuta makusudi. Namba za wakati wa kubadili gia nazo ziache. Moshi unahitaji muda kusafiri kutoka silinda hadi kwenye sensa.

Kwa wachache wenye kontrol boksi inayopangika, wengi wao wakiwa na Subaru zenye tabo, sasa ndiyo zamu yenu. Kwa mwendo wa utulivu lenga lamda 1. Ukikanyaga hadi chini kwenye injini isiyo na tabo, lenga kati ya 0.86 na 0.90. Yenye tabo ianze karibu na 0.78 hadi 0.82, kwa sababu mafuta ya ziada hupoza chumba cha kuchomea. Zima kwanza masahihisho ya kujiendesha ili yasikuvurugie. Hesabu ya kurekebisha jedwali ni rahisi: namba iliyopo zidisha kwa lamda uliyosoma, gawa kwa lamda unayotaka. Jedwali lina 70, umesoma 0.95, unataka 0.88: 70 mara 0.95 gawa kwa 0.88 ni 75.6. Shikilia mizunguko na mzigo ule ule kwa sekunde moja au mbili kabla ya kukubali namba. Na ukiona lamda inapanda kupita 0.90 huku tabo inasukuma, toa mguu hapo hapo. Pistoni haisubiri umalize kurekodi.

Pawa nyingine inatokana na muda wa moto wa plagi, na huko waidibendi ni kipofu. Haisikii injini ikigonga. Haioni oktani. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa itakupa lamda nzuri kabisa kwenye geji huku injini inagonga mlimani. Ni kwa sababu ya uchakachuaji wa namna hiyo ndipo EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Usiongeze moto kwa kutazama geji ya lamda peke yake.

Wenye dizeli mnaweza kuitumia pia, hasa fundi alipofungua pampu ili Fuso au Land Cruiser ipande na mzigo. Dizeli inahitaji hewa ya ziada wakati wote. Lamda ikishuka karibu na 1.3 moshi mweusi unaanza, na kuendelea kuongeza mafuta kunaleta joto zaidi kuliko nguvu. Pima, kisha ondoa sensa. Masizi ya dizeli hayaivumilii.

Kagera huwa miongoni mwa mikoa yenye bei ya juu ya petroli kila EWURA inapotangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa kuwa mafuta yanatoka bandarini mbali. Kwa bei hizo kupima kuna maana, ila si lazima kila gereji iwe na kifaa hiki. Gereji tatu za Rwamishenye au Muleba mjini zinaweza kuchangia kimoja, zikachomelea nati kwenye kila gari linalokuja na malalamiko ya mafuta, zikapima na kurudisha kizibo. Na wewe mwenye gari, kabla hujalipa, omba uonyeshwe lamda na masahihisho ya mafuta ya kabla ya kazi na ya baada ya kazi, yaliyopimwa kwenye mlima ule ule na kwa mzigo ule ule. Fundi asiyekuwa nazo, mlipe vipuri alivyobadilisha, ila usimlipe ya kutibu ugonjwa ambao hakuupima.